Tatuu mbili, ngozi moja

Kwenye mkono wangu wa kushoto kuna bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini, vitu ambavyo mtoto wa Lubumbashi huvijua kabla hajajua kusoma. Nilichorwa mwaka 2019 kwa mtindo wa picha halisi: vivuli laini, mistari myembamba kama unywele, moshi unaoyeyuka hewani. Siku ile nilitembea na shati la mikono mifupi ingawa kulikuwa na baridi. Leo moshi huo lazima nikuonyeshe kwa kidole. Wengine huniuliza niliungulia wapi.

Kosa lilikuwa langu. Nilimpelekea fundi picha ya simu, ya mkono wa Mzungu. Wino wa tatuu hukaa chini ya tabaka la juu la ngozi, na weusi wa ngozi yetu uko hukohuko juu, kama pazia. Kijivu chepesi nyuma ya pazia hilo hupotea. Tena wino hutanuka kidogo kidogo kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo mistari iliyobanana huja kushikana. Yangu yote ilikuwa ndogo kama kiberiti!

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, ana sura ya binti yake begani, mtindo uleule, na bado inasomeka. Ni kubwa kuliko kiganja, na penye mwanga fundi aliacha ngozi tupu. Ukitaka picha halisi, basi ikubali na ukubwa wake.

Safari ya pili nilitaka croisette, ule msalaba wa shaba uliokuwa pesa za wakubwa wetu. Nikaomba rangi ya shaba. Fundi wa mtaa wa Kamalondo akacheka: "Mukubwa, shaba si unayo tayari?" Akajaza weusi mzito pembeni, msalaba wenyewe akauacha uwe ngozi yangu.

Weusi mzito nao una deni lake. Saa nne za sindano, na ukijuta, kuufuta ni kazi kubwa. Kama kwenu makovu huvimba, usianze na huo, na hata mistari myembamba ifikirie mara mbili. Mimi niliepuka pia miezi ya vumbi jekundu, kidonda kisije kikala udongo. Kabla ya kuamua, omba fundi akuonyeshe kazi zake zilizokwisha kupona, za miaka kadhaa, kwenye ngozi kama yako. Picha ya wino mbichi haikuambii kitu.

Nkambo wangu, mzee wa familia yetu, Muluba mwenye chale za zamani zilizoinuka tumboni, alinishika mkono akapitisha kidole juu ya croisette, akarudia tena.

"Iko wapi?" akauliza. "Mbona haina mgongo?"