Ada ya chama ilipwe na mtu ama na chuo? Jibu kwa mwenyekiti mpya wa Kisumu

SWALI: Mwalimu, habari za Nakuru. Mimi ni ofisa wa alumnai, yaani wanafunzi wa zamani, kwa chuo kimoja hapa Kisumu. Mwezi jana nilichaguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha watu wanaofanya kazi ya alumnai na kuchangisha pesa za elimu, tuko wa vyuo vikuu, wa vyuo vya ufundi na wa shule za sekondari, kuanzia huko kwenu mpaka Busia. Tulianza kama grupu ya WhatsApp, saa hii tumesajiliwa na tuko 46. Ada ni 2,000 kwa mwaka kila mtu, waliolipa ni 13, na kati ya hao 13 wawili washahamishwa idara. Kuna chuo kinataka kulipa 50,000 kwa mpigo kwa wafanyakazi wake wote lakini katiba inasema mwanachama ni mtu. Halafu wenzangu wengine kwa kamati wanataka chama chenyewe kiende kwa wafadhili, kitafutie shule pesa na kibaki na asilimia 10, ati hiyo ndiyo itatulipia ofisi. Nianzie wapi?

JIBU: Hongera madam, na pole kidogo pia. Nilikuwa mwekahazina wa chama kama hicho miaka 6 na hilo swali la ada ndilo lilitukosesha usingizi, kwa hivyo nianzie hapo hapo.

Ada ilipwe na taasisi. Sio juu taasisi ni tajiri, ni juu kiti kinabaki hata mtu akienda. Kazi yetu unajua vile iko, leo mtu ni wa alumnai kesho amepelekwa admisheni ama hosteli, na barua ya uhamisho haiulizi kama alikuwa amelipa ada ya chama. Mwanachama akiwa ni mtu, siku akihama umempoteza yeye na chuo chake pia, unaanza upya kumbishia mlango yule aliyeingia kwa hiyo ofisi ambaye hata jina la chama hajawahi kulisikia. CASE, ile jumuiya ya Washington ya watu wa kazi kama yetu, ambayo ndiyo kubwa zaidi kwa hii fani, iko hivyo: chuo ama shule ndiyo inajiunga, na wafanyakazi wake wanapata huduma kupitia hapo. Ilianza 1974 vyama viwili vya Marekani vilipoungana, kimoja cha watu wa alumnai na kingine cha watu wa uhusiano mwema wa vyuo, na leo ina taasisi zaidi ya 3,000 kwa nchi zaidi ya 80. Sisi si wakubwa hivyo lakini shida ya mtu kuhama ni ile ile.

Sasa, lini unaitisha hiyo pesa? Hapa ndio tulipigwa. Tulikuwa tunatuma invoisi Januari, mwaka mpya ada mpya, kila mahali tunaambiwa hakuna pesa kwa hiyo voti, yaani fungu la bajeti, tunakaa kwa mkutano tunawalaumu watu kuwa wabahili, kumbe vyuo vya umma mwaka wao wa fedha unaisha Juni 30 na bajeti ilikuwa imefungwa kitambo, ofisa wa alumnai hata akitaka kukulipa atatoa wapi. Tulipoanza kupeleka barua Februari, wakati idara zinaandika makadirio ya mwaka unaokuja, ada ikaanza kuingia Julai na Agosti bila kelele. Watu ni wale wale, ada ni ile ile. Kwa hivyo hao 33 wako usiwaite wasumbufu kabla hujauliza pesa ingetoka mfuko gani, wengi nadhani walikuwa wanaambiwa walipe kutoka kwa mshahara wao kwa kazi ya mwajiri.

Lakini usiifungie milango shule ndogo. Kuna shule ambazo katibu wa wanafunzi wa zamani ni mwalimu wa jiografia anayeifanya hiyo kazi usiku kwa simu yake, hana ofisi wala voti. Huyo mwekee daraja la mtu binafsi na ada ibaki chini hapo hapo kwa 2,000, na taasisi uzipange kwa ukubwa, chuo kikuu kilipe zaidi, chuo cha ufundi katikati, sekondari kidogo.

Halafu kura. Hii nakuambia kwa uchungu. Mkutano mkuu wetu mmoja hapa Nakuru, ukumbi wa kanisa, saa nne tunangoja akidi ifike, tunaona basi ya chuo kimoja inaingia getini. Wakashuka watu 19, wote wamelipa ada, wote wana risiti, wengine walikuwa wa ofisi ya fedha wengine sijui hata kama walijua ajenda. Kufika saa sita walikuwa na viti vyote vitano vya kamati. Hawakuvunja sheria hata moja, katiba yetu ndiyo ilisema mtu mmoja kura moja. Mwaka uliofuata shule za sekondari hazikurudi, na mimi siwalaumu. Kwa hivyo andikeni: taasisi moja kura moja, na mwakilishi atajwe kwa barua ya mkuu wa taasisi kabla ya mkutano. Wa daraja la mtu binafsi muwape kwa jumla viti viwili kwa kamati wajichagulie. Na kwa vile mmesajiliwa chini ya sheria ya vyama, mabadiliko ya katiba mkishayapitisha lazima msajili ayakubali kwa maandishi, msianze kuyatumia kesho yake.

Kuhusu asilimia 10, hapana. Najua ofisi inataka kodi. Lakini fikiria, yule mfadhili mtakayemwendea ni nani? Ni yule yule ambaye mwanachama wako wa Kakamega amemnywesha chai miaka miwili akingoja siku ya kumuomba maabara. Chama kikitangulia kwa huyo mlango, mwanachama analipa ada ili anyang'anywe mfadhili wake. Tena kwa hii fani kulipwa kwa asilimia ya mchango kumekatazwa wazi, kanuni za AFP, chama cha wachangishaji, zinasema hivyo, na CASE pia haikubaliani nayo. Sababu si uchoyo. Anayekula asilimia atamharakisha mama mzee atoe leo elfu hamsini badala ya kumngoja miaka mitatu aandike shamba lake la Njoro kwa wosia. Kuna ile hati ya haki za mtoaji iliyoandikwa 1993, CASE na AFP wote wako ndani, moja ya hizo haki ni mtoaji kuambiwa kama anayemuomba ni wa kujitolea, ni mfanyakazi wa shule, ama ni mtu wa kukodishwa. Jaribu kuwa kwa hiyo meza umwambie mzee, mimi ni wa kukodishwa, kwa kila mia yako kumi ni yangu.

Sasa utaniuliza, tusipochangisha, watu watalipia nini? Watalipia kipimo. Ngoja nieleze.

Niliwahi kukaa meza ya wahesabu kwa harambee ya shule moja ya huku kwetu. Kauntabuku imechorwa mistari, keshi, cheki, ahadi, na pembeni kabisa vitu. Jioni mshereheshaji akatangaza kwa spika shilingi 3,140,000 na watu wakapiga vigelegele. Lakini kwa kauntabuku ilikuwa hivi: keshi 612,000, cheki 480,000, ahadi 1,790,000, na vitu, yaani fahali mmoja, mabati na mbao, ambavyo mtu fulani alivikadiria 258,000 kwa macho tu. Mwaka ulipoisha, cheki moja ya 100,000 ilikuwa imerudi, ahadi zilizolipwa zilikuwa 340,000, na fahali aliliwa siku ya kufungua darasa. Pesa iliyofika benki jumla ni 1,332,000. Sasa barua ya shule kwa wanafunzi wa zamani ikasema tulichanga zaidi ya milioni 3. Unaona balaa inaingilia wapi. Wakaja, wakaangalia darasa moja lisilo na madirisha, wakauliza ile pesa nyingine imeenda wapi, na mwalimu mkuu akaitwa mwizi na hakuna mtu aliyeiba hata ndururu. Mpaka leo hao watu hawatoi.

Huku kwetu kutoa si kitu cha kufundishwa. Chuo cha Weco cha Kakamega, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilianza kwa harambee, na chuo cha Ramogi hapo kwenu Kisumu pia, watu waliuza kuku na mahindi vyuo vikasimama. Kinachotuangusha ni ile kauntabuku.

Hapo ndipo chama kina kazi ambayo shule moja peke yake haiwezi. Tengenezeni fomu moja tu, ya wanachama wote. Safu ya kwanza pesa iliyoingia mwaka huu, ya pili ahadi mpya zilizotiwa sahihi, ya tatu vitu pamoja na jina la aliyevithamini, na ya kwanza na ya pili hazijumlishwi kamwe, maana ahadi ya mwaka huu ikilipwa mwaka ujao utakuwa umeihesabu mara mbili. Vipimo vya CASE vya 2021 vinatenganisha hivyo hivyo, pesa iliyopokelewa mbali na ahadi mpya, msijitungie dini yenu. Kila mwaka wanachama wanaleta fomu, mnatoa wastani bila kutaja majina, na mwanachama anarudi kwa naibu chansela wake akiwa na karatasi inayosema vyuo vya saizi yetu vinapata hivi, sisi tuko hapa. Kwa hiyo karatasi utalipwa ada, nakuhakikishia. Sisi mwaka wa kwanza tulipata fomu 9 pekee na bado watu waligombania ripoti.

Jambo moja la kuangalia: mlete jumla, msilete orodha za majina na namba za simu za alumnai kwa ofisi ya chama. Sheria ya kulinda data ya 2019 iko na meno, mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Na hiyo 50,000 usiikatae na usiipokee bado. Kiandikie chuo barua ukiwaambia katiba inabadilishwa, taja tarehe ya mkutano, waombe waitie kwa makadirio ya mwaka unaoanza Julai kama ada ya taasisi, na uwaulize kwa barua hiyo hiyo jina la yule mmoja atakayewapigia kura. Mmoja, madam. Wakitaja kumi na wawili niandikie tena.