Mwanao Akiuliza Jua Linalala kwa Nani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza aliniandikia. Baada ya shikamoo na pole na majukumu, akaeleza kwamba mwanawe wa miaka mitano alipewa kazi ya nyumbani: atengeneze jua. Mama akanunua manila ya njano, gundi na vile vimetameta vya dukani. Saa mbili usiku mtoto akasinzia, mama akaendelea kukata miale mwenyewe mpaka karibu usiku wa manane. Shuleni jua likasifiwa, likabandikwa ukutani. Jioni yake mtoto akauliza: usiku jua linakwenda wapi? "Nikamwambia linakwenda kulala. Akaniuliza, kwa nani? Mwalimu, nilikosa jibu. Nisaidie."

Nilicheka sana, kisha nikapandwa na hasira kidogo. Dada, sikukasirika kwa ajili yako. Nimekasirishwa na lile jua la ukutani. Mtoto hakuligusa, na hakuna aliyempeleka nje kuliona lenyewe.

Ninafundisha chekechea hapa Tanga, na suala la jua lina historia yake kwangu. Shule niliyokuwa zamani, ya kulipia, yenye sare nzuri na basi la watoto, nilizoea kuwatoa darasa zima uwanjani wachore vivuli vyao kwa chaki. Asubuhi tunachora, baadaye kabla ya kwenda nyumbani tunachora tena palepale. Watoto walikuwa wanakimbia kugombania chaki. Basi siku ya kikao cha wazazi baba mmoja akasimama, akasema mbele ya watu wote: "Mimi nalipa ada ili mwanangu akapimwe kivuli?" Watu wakacheka. Mkuu wangu wa shule, ambaye mwenyewe aliwahi kusimama dirishani akatuangalia akitabasamu, akajibu kwamba "hilo litarekebishwa." Likarekebishwa kweli. Nikaletewa bunda la karatasi za mazoezi zilizopakuliwa kwenye intaneti: jua lina miwani na tabasamu, pembeni mtoto kavaa sweta na kofia ya manyoya, chini maandishi ya kupaka rangi. Majira manne, theluji imo! Watoto wa Tanga, waliokuja shuleni jasho linawatiririka, wanapaka theluji rangi.

Muhula ulipoisha niliondoka. Nasema ukweli, mpaka leo bajaji ikipita pale nageuza uso upande wa pili. Sasa nina watoto wangu barazani nyumbani, si wengi, nina mwembe mmoja na ua wa mchanga, na vivuli tunapima tunavyotaka.

Na Oktoba iliyopita tumefanya kitu ambacho nitakisimulia mpaka uzeeni.

Sisi tunaoishi karibu na mstari wa Ikweta tuna bahati ambayo mtoto wa London haipati kwao hata siku moja. Mara mbili kwa mwaka jua linapita utosini kabisa, na kivuli cha kitu kilichosimama wima kinapotea. Hapa Tanga ni karibu na tarehe 7 Machi, likielekea kaskazini, na tena karibu na tarehe 6 Oktoba, likirudi kusini. Dar es Salaam ni kama tarehe 3 Machi na 10 Oktoba. Nairobi, 17 Machi na 26 Septemba. Kwako Mwanza, dada, tazamia tarehe 14 Machi na 29 Septemba, na siku moja mbele au nyuma haiharibu kitu. Ila usitoke saa sita kamili, kwa sababu saa za ukutani hazilingani na jua. Tanga mwezi wa Oktoba ni saa sita na dakika kama kumi na mbili. Mwanza iko mbali zaidi magharibi, kwa hiyo Septemba ngoja mpaka saa sita na dakika arobaini hivi, na Machi karibu saa saba.

Tulisimika njiti za mshikaki kwenye madonge ya udongo wa mfinyanzi, kila mtoto na lake. Tangu asubuhi kila nikigonga kengele wanakwenda kuweka kizibo cha soda pale ncha ya kivuli ilipofika. Vizibo vikawa vinakaribia njiti. Ilipofika saa sita majirani walikuwa wameshajaa: mama wa mihogo, vijana wa bodaboda, fundi cherehani na tepu yake shingoni. Halafu vivuli vikaisha. Binti mmoja akainua mguu kutafuta chake, akakikuta kimejibana chini ya kandambili. Kijana wa bodaboda akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umekifanyaje?" Nikamwambia sikufanya kitu, nimesoma kalenda tu. Jamani, nilijisikia! Nikamkumbuka yule baba wa kikaoni, na nikatamani awepo.

Mchana huohuo, madonge yakiwa bado yako uani, mtoto mmoja anayesoma madrasa akaweka njiti nyingine chini kando ya kivuli, akaona vimelingana urefu. Akapiga kelele, "Mwalimu, alasiri imeingia!" Sikumfundisha mimi. Kajifunza kwa ustadhi wake, kwamba kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake ndipo wakati wa swala ya alasiri unapoingia. Siku nyingine kivuli kilichobaki adhuhuri hujumlishwa kwenye urefu huo, lakini siku ile hakikuwepo, kwa hiyo hesabu ilikuwa safi kabisa. Sasa niambieni, karatasi gani ya mazoezi ingemtolea mtoto yule jambo hilo?

Wazazi wenzangu, sikilizeni. Sote tunataka watoto waelewe, wasikariri. Sote tunataka wawe na udadisi. Lakini tunawafungia ndani na manila ya njano tukiamini tunawafundisha jua, ilhali jua lenyewe liko nje bure. Kazi ya mikono isiyokwenda juani ni pambo. Mimi sina ugomvi na mapambo, ila tusiyaite somo. Ukikata sahani ya karatasi na kubandika miale, sawa, toboa katikati upitishe penseli, weka juani, andika saa pale kivuli kinapoangukia. Sasa ni saa ya jua. Imegharimu nini cha ziada? Kutoka nje tu.

Turudi kwa dada, maana swali lake bado linadai jibu. Usimwambie linalala. Zima taa, washa tochi ya simu, iweke mezani: hilo ndilo jua, nalo haliondoki. Mtoto asimame mbele yake, mbandikie kikaratasi kifuani kilichoandikwa Mwanza. Sasa ageuke polepole kuelekea mkono wake wa kushoto. Kikaratasi kikitazama tochi ni mchana, kikigeukia ukutani ni usiku. Kwa hiyo anayekwenda ni sisi. Kwenu jua linazama upande wa ziwa, kwetu Tanga linachomoza upande wa bahari, wote tunalitazama hilohilo. Mbandike kingine mgongoni, kiwe cha California, kule Marekani: mtoto wa Mwanza akila chakula cha mchana, wa huko yuko kwenye usiku wa manane. Atauliza kwa nini hatuhisi kizunguzungu. Mwambie dunia inageuka mara moja tu kwa siku nzima, na haikatishi wala haiongezi mwendo, wala haipigi breki. Akitaka zaidi, ageuke tena.

Maarifa mengine mpe kwa kiasi. Jua ni nyota, kama zile za usiku, ila hii iko karibu. Watoto wangu hupinga sana hapo, nami huwaacha wapinge. Rangi yake hasa ni nyeupe, hewa yetu ndiyo inayolitia umanjano. Haliungui kama kuni. Ndani kabisa haidrojeni inabanwa mpaka inakuwa heliamu, lakini hilo mtunzie mpaka afike darasa la tano. Ukubwa wake mwonyeshe kwa mpira wa miguu na punje moja ya ulezi. Mpira ndio jua, ulezi ndio dunia, maana kipenyo cha jua kinazidi cha dunia mara 109. Weka mpira mlangoni, mpe mtoto ulezi, tembeeni mita 24, msimame hapo. Ndio umbali wenyewe kwa kipimo hicho. Kwa kweli ni kilomita milioni 150. Mwanga unazisafiri kwa dakika nane na sekunde ishirini. Niliwahi kupiga filimbi nikawaambia mwanga umeondoka juani sasa hivi, tuimbe mpaka utufikie. Walichoka dakika ya tatu wakaenda kuchezea vizibo. Si kitu. Mmoja alibaki kunihesabia.

Kazi ya mikono ninayoipenda kuliko zote haihitaji hata rangi ya dukani. Chukua manjano ya unga, yale ya pilau na mchuzi, kijiko kikubwa. Koroga kwenye spiriti kidogo ya duka la dawa. Fanya wewe, mbali na jiko, mtoto atazame. Chuja kwa kitambaa, paka kwenye karatasi nyeupe, ianike ndani pasipo na jua. Mtoto achume jani lenye umbo zuri, kisamvu kinapendeza sana, au mwarobaini. Liweke juu ya karatasi, ligandamize kwa kioo cha fremu ya picha, peleka juani. Jua kali la pwani linamaliza kazi kwa saa chache. Kukiwa na mawingu acha mpaka kesho. Ukiondoa jani, karatasi yote imepauka, ila pale jani lilipolala pamebaki njano iliyokolea. "Jua limekula rangi," ndivyo wangu walivyosema, na ndivyo ilivyo. Baada ya hapo waonyeshe kanga iliyosahauliwa kambani. Picha yenyewe itunzwe ndani ya daftari. Ukiibandika ukutani penye mwanga nayo italiwa vilevile, na pengine huo ndio utakuwa mwisho wa tabia ya kubandika kila kitu ukutani.

Katika haya yote kuna jambo nisilo na mzaha nalo. Mtoto asilitazame jua moja kwa moja, hata kwa kuiba jicho. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga haina mishipa ya maumivu, inaungua bila mtoto kusema "aa". Mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, jua lilipopatwa na kubaki pete kule Rujewa, Mbeya, huku Tanga lilipatwa kwa sehemu. Mtaani kwetu watu wazima na akili zao walikuwa wanatazama kwa picha za eksirei, wengine kwenye beseni la maji. Vyote viwili havikingi. Mimi nilitazama chini. Yale madoa ya mwanga yanayopenya kwenye majani ya mwembe, siku zote ya mviringo kwa kuwa kila doa ni picha ya jua, siku ile yalikuwa mahilali matupu, mamia, yamejaa mchangani.

Na kama darasani kuna mtoto mwenye ualbino, mpango wote upangwe kwa kumwanza yeye, asiachwe barazani peke yake kama mgonjwa. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua; yapo ya Kilisun yanayotengenezwa hapahapa nchini, Moshi, kwa ajili yao. Kazi nyingi zifanyike kabla ya saa nne asubuhi, mkisimama kivulini na vitu vyenu vikiwa juani. Lile la utosini toka naye dakika mbili chini ya mwavuli, aone, arudi. Watoto wengine nao wavae kofia, wasione ni ya kwake tu.

Dada, kuna jambo moja la kuanza kujiandaa nalo sasa. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kule Luxor, Misri, na Jeddah na Makka. Huku kwetu litapatwa kwa sehemu. Mwanao atakuwa na umri wa kukumbuka. Tafuta boksi refu, la feni au la televisheni, kwa sababu la viatu ni fupi mno. Upande mmoja kata dirisha, ulizibe kwa karatasi ya foili, toboa kwa sindano tundu moja tu. Upande wa pili, ndani, bandika karatasi nyeupe. Mtoto alipe jua mgongo, mwanga uingie tunduni ukitokea nyuma ya bega lake, yeye atazame kwenye karatasi kupitia upenyo uliokatwa ubavuni. Picha ya jua inakuwa na upana wa milimita tisa hivi kwa kila mita kutoka tunduni, kwa hiyo kadiri boksi linavyokuwa refu ndivyo atakavyoona vizuri. Jaribuni leo kwa jua la kawaida, muone duara, kisha uniandikie limetoka kubwa kiasi gani.