London - New York: mbona kwenda masaa 8, kurudi 7?

Mkuu uliyeuliza mbona London mpaka New York ni kama kilomita 5,550, ndege inapiga 900 kwa saa, ukigawanya unapata masaa 6 na dakika kidogo halafu tiketi inasema 8, hiyo hesabu hata mimi niliipiga safari ya kwanza, nikampa shemeji muda wa kuja kunipokea, kumbe nimemuingiza chaka, alisota uwanjani masaa mawili ananilaani.

Kwanza muda wa tiketi hauanzi ndege ikipaa, unaanza inaposukumwa kutoka getini na unaisha ikishapaki. Siku ile tulipanga foleni chini weee, nikachungulia dirishani nikahesabu ndege tisa mbele yetu. Na hizo 900 ni ikiwa imeshatulia juu, wakati wa kupanda na kushuka haifiki hapo.

Ila mwizi mkubwa wa muda ni upepo. Huko juu, kilomita kama 10, kuna mkondo wa upepo mkali sana unaotoka magharibi kwenda mashariki, na kipindi cha baridi ndo unazidi. Mimi nilikuwa nimekodolea ile ramani ya kwenye skrini ya kiti, kwenda inasoma spidi 790, wakati wa kurudi nikaona 1,080, nikadhani imeharibika! Haijaharibika, injini zinasukuma vilevile, ni hewa yenyewe ndo inakubeba au inakurudisha nyuma. Februari 2020 kuna ndege ya abiria ilitoka New York na dhoruba mgongoni, ikatua London chini ya masaa 5. Ndo maana njia za kuvuka Atlantiki zinapangwa upya kila siku kufuata upepo, unaweza kuzungushwa kaskazini kilomita nyingi zaidi na bado ukafika mapema kuliko kunyoosha.

Wale wa "dunia inazunguka huku ndege iko juu" jamani hapana, hewa inazunguka pamoja na dunia. Ingekuwa hivyo mnavyosema basi kwenda magharibi ndo kungekuwa fasta, si ndio?

Ramani ya ukutani nayo isikuchanganye, utaona kama ndege inapinda kwenda juu kaskazini bila sababu, chukua uzi uvute kwenye tufe la dunia kutoka mji mmoja hadi mwingine utaona wenyewe unapita hukohuko. Na njia ikifungwa ndo balaa, Helsinki - Tokyo ilikuwa masaa 9 na nusu hivi, tangu anga la Urusi lifungwe 2022 imekuwa kama 13, na miji haijasogea hata hatua.

Halafu masaa ya tiketi ni ya kila mji na saa yake. Ukiondoka London saa 5 asubuhi unafika saa 8 mchana, mtu anasema masaa matatu tu! New York iko nyuma masaa 5, kwahiyo ni 8. Kurudi unaondoka saa 3 usiku unafika saa 3 asubuhi, hapo unatoa 5, zinabaki 7.

Mimi kurudi tulitua dakika 40 kabla, nikajiona mjanja kweli, kumbe geti letu bado lina ndege nyingine, tukakaa dakika 35 tunaliangalia tu dirishani.