Usimsagie dawa kwenye uji: kwako unayemuuguza mdogo wako

Weka kijiko chini kwanza, dada. Umeuliza mambo manne kuhusu mdogo wako wa miaka 23, anayesikia sauti, anayeamini kwamba majirani wanamtilia sumu na anayekataa vidonge alivyoandikiwa kliniki. La kwanza ni kama unaweza kumsagia vidonge hivyo kwenye uji bila yeye kujua, na naona waliotangulia kukujibu wamesema saga tu, mradi apone. Mimi nilisaga, kwa ajili ya mdogo wangu aliyeugua kama wako. Nilitumia kinu kidogo cha kutwangia iliki, na kama kuna mwanajukwaa anayetaka kucheka, acheke sasa hivi, kwa sababu huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Aliyenipa wazo hilo alikuwa muuzaji wa duka la dawa, ambaye aliniuzia haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, bila kuomba cheti cha daktari, akanihakikishia kwamba haina ladha, kisha akaniambia, kwa utulivu wa mtu anayepima sukari robo kilo, kwamba "wote wanafanya hivyo". Hakuniuliza mgonjwa ana umri gani. Hakuniambia kwamba dawa hiyo, hasa kwa vijana wa kiume, inaweza kukaza misuli ya shingo, taya na macho katika siku chache za mwanzo, wala kwamba ipo dawa nyingine ambayo daktari huweza kuiambatanisha ili kuzuia hali hiyo. Mpaka leo nikifika usawa wa duka lile navuka barabara, na si kwa hasira peke yake, maana aliyeshika mchi ni mimi.

Siku ya tatu baada ya magharibi, mdogo wangu alianza kupinda shingo kuelekea bega la kushoto, macho yakapanda juu yakabaki huko, na ulimi ukawa haurudi mdomoni. Mama akawasha ubani. Jirani mmoja akasema jini limetaka kusema. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, na daktari wa zamu, kijana mwenye adabu zake, akauliza kama mgonjwa amechomwa na msumari hivi karibuni, kwa kuwa alishuku pepopunda, kisha akauliza swali ambalo ningelijibu pale pale tungeokoa muda wote ule: "Anatumia dawa gani?" Nikasema hatumii yoyote. Nilisema hivyo kwa sababu mdogo wangu alikuwa amelala hapo hapo mbele yangu, akili yake ikiwa timamu kabisa kwa upande wa kusikia, na sikutaka ajue. Karibu saa nzima ilipita huku wakihangaika naye, mpaka nikamvuta daktari kando, au niseme nilidhani nimemvuta kando, kumbe pazia la wodi halizuii sauti. Alichomwa sindano, na haikupita nusu saa shingo ikalegea. Neno la kwanza alilotamka baada ya ulimi kurudi mahali pake lilikuwa: "Kumbe ni kweli."

Fikiria uzito wa maneno hayo, dada. Kwa miezi mingi tulikuwa tukimwapia kwamba hakuna anayemtilia kitu chakulani, tukimwambia kwamba hayo ni maradhi yanayosema, kisha mimi mwenyewe nikayageuza maradhi yake kuwa ushahidi. Tangu usiku ule hakula chochote kilichopikwa nyumbani. Kwa miezi kumi na moja aliishi kwa vyakula vyenye ganda: mayai ya kuchemsha aliyoyamenya kwa mkono wake, ndizi, machungwa, na madafu yaliyokatwa mbele ya macho yake. Kliniki hakutaka hata kuisikia, na mwishowe alizidiwa kiasi cha kutembea barabarani usiku katikati ya magari, tukalazimika kuomba msaada wa polisi ili alazwe.

Hapa ndipo wengi mnapochanganya mambo mawili. Sisemi kwamba mgonjwa aachwe afe kwa heshima ya hiari yake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 hapa Tanzania inatambua anayelazwa kwa ridhaa yake na anayelazwa bila ridhaa, kwa hiyo mdogo wako akitishia kujidhuru au kumdhuru mtu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata akipinga, lakini mwambie unampeleka wapi na kwa nini. Mdogo wangu alipopata nafuu nilimuuliza kama ana kinyongo na wale polisi waliomshika mikono. Akasema hapana, kwa kuwa wao walimwambia wanampeleka wapi. Kwangu mimi hakusema lolote, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: asimeze kitu asichokijua. Akikataa vidonge, rudi kliniki ueleze kwamba anakataa na kwa nini anakataa, kwa sababu huenda ni usingizi, unene au mikono kutetemeka, na daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa, jambo ambalo hawezi kulifanya ikiwa jikoni kuna daktari wa pili asiyejulikana. Wa kwangu alichagua mwenyewe sindano ya kila mwezi, kwa maelezo kwamba hataki kuhesabiwa vidonge kama mtoto. Alipokuwa mzima aliandika kwenye karatasi ya daftari dalili zinazotutaka tumpeleke hospitali hata akikataa, ikiwemo kuziba tundu la ufunguo kwa karatasi, akataja na nani aitwe kwanza. Jina la kwanza ni la binamu yetu. Langu ni la tatu.

Naona sasa kwamba uliuliza pia kuhusu bima, kazi yake na kama umhamishie kwa shangazi yenu mkoani. Hayo watakujibu wengine. Kinu cha iliki nilikigawa. Chai siku hizi anakunywa nyumbani, lakini anajimiminia mwenyewe kutoka kwenye chupa, na mimi ndiye ninayeonja kwanza.