Betri yangu ndogo itasaidia laini ya mtaa?

SWALI: Fundi habari za kazi. Naishi Jinja, bwawa liko hapo tu, na bwawa la Karuma nalo lina megawati 600, lakini ikifika saa moja jioni taa zinafifia na friji inaunguruma bila kupoza. Nina betri ya litiamu inayobeba uniti moja (kilowati-saa moja), inveta na paneli mbili za sola. Ndugu yangu aliyeko Uholanzi anasema betri za majumbani kule zinapunguza msongamano kwenye gridi. Hii yangu je?
Msomaji, Walukuba

JIBU: Inaweza ndugu yangu, na nimefurahi umeuliza maana wengi wanadhani shida ni bwawa. Umeme upo, njia ndo imebanwa. Chukua transfoma ya kva 100, yaani inabeba kama kilowati 100 hivi, nyumba 50 zikiwasha birika za kilowati 2 kwa pamoja imeshajaa, na waya ukipitisha mkondo mara mbili umeme unaopotea kwa joto unakuwa mara nne, ndo maana saa moja jioni mnaumia na saa nane mchana hamna shida.

Sasa betri ijaze kwa sola mchana, halafu saa moja mpaka saa nne usiku taa, tivii na feni vikae kwenye betri, kama ni wati 150 hapo hujamaliza hata nusu uniti. Ila setingi ya inveta iangalie, weka sola kwanza na uizuie isichaji kwa laini jioni, hili nakuomba sana, maana umeme ukikatika ukarudi inveta zote za mtaa zinaanza kuchaji kwa mkupuo na transfoma inalemewa tena.

Birika na pasi usiziweke kwenye betri. Pasi piga mchana, maji chemsha saa tisa utie kwenye chupa ya chai, nayo ni betri hiyo. Nyumba kumi tu zikihamisha birika ni kilowati 20 zimetoka kwenye transfoma yenu, kwa hiyo ongea na majirani.

Kule Uholanzi programu ndo inapanga betri ichaji saa ngapi. Hapa kwetu viwanda vikubwa vinalipa zaidi saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku, sisi wa Yaka, mita za majumbani za kulipia kabla, bei ni ileile saa zote, na mimi naona tunastahili bei nafuu ya usiku wa manane na sisi.

Na tafadhali usijaribu kurudisha umeme kwenye laini kwa kuchomeka inveta kwenye soketi, kuna fundi juu ya nguzo anayeamini laini imezimwa, umeme wako utampiga.