Uliza Mjomba: Hosteli za njiani zimeenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Niko Leeds mwaka wa 6 sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Kuna mzee mmoja kila nikienda kumwogesha ananipa stori za Pennine Way, eti alitembea yote mwaka 1971, kila usiku analala hosteli kwa hela ya mbuzi tu. Amenitia wazimu, mwezi wa 6 nina likizo ya wiki 3 na mimi nataka niimalize. Sasa nimeingia mtandaoni nitafute hizo hosteli alizonitajia nyingi sizioni, moja imekuwa hoteli, nyingine wanataka mje kundi mkodi nyumba nzima. Mzee anasema natafuta vibaya. Nani mkweli hapa, na mimi nitalala wapi maana bajeti yangu sio ya hoteli? – Mtembezi Mtarajiwa, Leeds

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Mzee mkweli na wewe mkweli, ila mzee anaongelea nchi ambayo haipo tena.

Kwa wasiojua, Pennine Way ni njia ya miguu ya kilomita 430 hivi, inaanzia kijiji cha Edale huko Derbyshire inapanda na uti wa mgongo wa Uingereza mpaka Kirk Yetholm, ukishavuka tu mpaka wa Scotland. Mwandishi wa magazeti Tom Stephenson ndio aliitoa hiyo hoja mwaka 1935, ikaja kufunguliwa 1965, miaka 30 ya kubishana na wenye mashamba na wenye mapori ya kuwindia ndege. Na hosteli zilikuwa zishatangulia, shirika lao la YHA lilianza 1930, wazo lenyewe wamelitoa Ujerumani kwa mwalimu aliyekuwa akichoka kulaza wanafunzi wake kwenye mabanda ya nyasi. Miaka ya 1950 YHA walikuwa na hosteli zaidi ya 300 England na Wales.

Na wasomaji wa Tanzania msinielewe vibaya, hosteli hapa sio ile ya chuo, ingawa ukiingia ndani utajikuta umerudi bodingi aisee. Dabodeka zimejipanga, jiko la kujipikia, sufuria zimekosa mifuniko, na kile chumba cha kukaushia nguo ambacho nikifumba macho hata leo nakinusa, soksi 40 za watu usiowajua zinatoa mvuke pamoja. Zamani hata zamu zilikuwepo! Asubuhi kabla hujaondoka unapangiwa, wewe piga deki, wewe osha vyombo, wewe kalete kuni. Mwenye gari alikuwa hapokelewi, uje kwa miguu au baiskeli. Mchana wanafunga mlango hata kama mvua inanyesha, rudi jioni. Bei ilianza na shilingi moja ya Kiingereza ya wakati ule kwa usiku.

Sasa zimeenda wapi. Watu wengi wanajibu haraka eti vijana siku hizi hawatembei, mimi hilo jibu silikubali, nenda Malham, kijiji kimoja cha njiani, jumapili yoyote ya jua uone kama utapata pa kuegesha gari. Tatizo ni hesabu. Mtembeaji wa njia ndefu ni mteja mbaya sana kibiashara mpwa wangu, tuseme tu ukweli, analala usiku mmoja, anapika tambi zake mwenyewe, anatumia maji ya moto nusu saa, anaanika kila alicho nacho na saa mbili asubuhi keshaondoka, shuka lazima zifuliwe upya. Jengo lenyewe ni la mawe la karne iliyopita, paa linavuja, liko maili 10 toka mjini, na sheria za moto na usafi zinabana kila mwaka. Kwa upande wa pili jengo hilohilo lenye mandhari ile likipigwa rangi likawa nyumba ya likizo ya matajiri wa mjini, wiki moja ya Agosti linaingiza hela ambayo hosteli haiioni. Kwahiyo shirika likibanwa na deni linauza yale ya vijijini kwanza. 2001 ulipokuja ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe na kondoo, njia za mashambani zikafungwa karibu nchi nzima, hosteli zikakaa tupu na baada ya hapo nyingine hazikurudi. Halafu 2020 korona, halafu bei za umeme, mwaka 2023 YHA wakatangaza wanauza 20 kwa mpigo kati ya 150 hivi walizobaki nazo. Haki itendeke, hizo pesa wanasema zinakarabati zilizobaki, na baadhi ya zinazouzwa zinachukuliwa na watu wanaoendelea kuziendesha kama hosteli. Lakini ramani imetoboka.

Na hapo kwenye kutoboka ndio nataka unielewe vizuri. Hosteli za njia ndefu ni kama vituo vya daladala, kimoja kikitolewa anayeumia sio wa kituo kile peke yake. Chukua Keld na Baldersdale, vituo viwili vya katikati ya Pennine Way. Zamani mtembeaji alitoka Keld asubuhi, akapita Tan Hill kwenye baa iliyoko juu kuliko zote Uingereza, mita 528, akakata lile dimbwi la tope la Sleightholme, akalala Baldersdale ambapo ndio kama nusu ya safari yote. Kilomita kama 23, siku ya kawaida. Leo hosteli ya Keld ni hoteli (ndio hiyo uliyoiona nadhani, jengo lake mwanzoni lilikuwa la wawindaji kwahiyo limerudi kwa wenyewe) na ya Baldersdale ilifungwa. Sasa asiye na hela ya hoteli wala hema anaweza kujikuta anasukuma mpaka Middleton, kilomita 34 hivi, na tope lilelile. Kijana anaweza, ila mama wa miaka 60 aliyetaka kwenda polepole ndio basi tena, na akighairi yeye hata hosteli ya Keld ingekuwepo ingempoteza. Ndio maana zikianza kuondoka zinaondoka kwa msururu.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilinunua ramani ya mtumba duka la hisani, nikaona ile pembetatu nyekundu ya hosteli nikajua kitanda ninacho. Nimefika saa moja jioni nimelowa mpaka chupi, naona mapazia mazuri dirishani na gari kubwa jeupe. Ukutani pale juu ya mlango kuna kile chuma kilichokuwa kinashika kibao, kibao hakipo. Mama wa nyumba alinifungulia, akanitazama, akasema "ramani yako ya mwaka gani?" Akanipa chai nikiwa nimesimama barazani nachuruzika, halafu nikatembea kilomita 7 kwa tochi. Kosa langu kabisa, lakini pembetatu ile iliniuma.

Haya, wewe ufanyeje. Usipange tarehe kwanza ukatafute vitanda baadae, fanya kinyume, tafuta sehemu ngumu ubuki hizo, zingine zitajipanga zenyewe. Hosteli binafsi zipo kadhaa njiani, huko zinaitwa bankhausi, tafuta na majina hayo sio YHA peke yake. Zile za "mje kundi" mara nyingi ni siku ambazo sio za msimu, kwahiyo angalia tarehe nyingine kabla hujakata tamaa, na piga simu, sio kila kitu kipo mtandaoni. Beba hema dogo kwa ajili ya sehemu zilizotoboka, zisizo na kitanda. Ila jua England kulala porini bila ruhusa ya mwenye ardhi hairuhusiwi, Dartmoor ndio imejitoa na iko mbali kusini huko. Kwingine watu wanapanda jioni sana sehemu za juu wanaondoka alfajiri bila kuacha hata ganda la yai na mara nyingi hakuna anayewasumbua, lakini sijakwambia mimi. Scotland ndio sheria yao ya 2003 inakuruhusu.

Chini ya kilele cha mlima Cross Fell, kati ya Dufton na Alston, kuna kibanda kinaitwa Greg's Hut, zamani cha wachimba madini ya risasi. Bure kabisa, hakuna kitanda, hakuna bomba, hakuna choo. Siku ya mwisho, Byrness mpaka Kirk Yetholm, ni kilomita zaidi ya 40 juu ya milima ya Cheviot hakuna nyumba, kuna vibanda viwili vya mbao vya kujikinga na dhoruba. Wengi wanaigawa siku mbili hapohapo.

Na mzee usimbishie sana. Chukua ramani mkae naye akuonyeshe hosteli alizolala, uweke alama, kuna majengo mengine bado yanapokea watu kwa jina jingine na yeye ndio anajua yalipo.

SWALI: Mjomba, hapa Moshi je, mabanda ya njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro nayo si yatageuzwa lodji za matajiri? – Kijana wa Kiboriloni

JIBU: Sioni dalili. Mandara, Horombo na Kibo ni mali ya hifadhi, sio ya chama chenye deni, na malipo ya kitanda yanaingia pamoja na ada za hifadhi. Hakuna wa kununua nyumba ya likizo juu ya mita 4,700 bana, hewa yenyewe ya kugombania. Shida ya Marangu ni nyingine, ndio njia pekee ya Kilimanjaro yenye mabanda, zingine zote watalii wanalala kwenye mahema, kwahiyo msimu ukichanganya vitanda vinajaa mapema. Kama una mgeni anataka Marangu mwambie mapema, sio wiki moja kabla.