Friji la Mwenye Nyumba, Umeme wa Mpangaji

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mpangaji katika nyumba ya vyumba viwili iliyoko Sinza, Dar es Salaam. Dalali aliponionyesha nyumba hii alisema kuwa kodi yake iko juu kuliko ya nyumba za jirani kwa sababu ndani mna friji, viyoyozi viwili, hita ya maji bafuni na pampu ya kupandisha maji tangini, nami nikaona ni nafuu kuliko kuanza kununua vyote hivyo. Nililipa kodi ya miezi sita pamoja na udalali wa mwezi mmoja, nikahamia. Haukupita muda nikagundua kuwa friji hunguruma usiku kucha bila kugandisha barafu, kiyoyozi cha chumbani hudondosha maji ukutani na hakipoozi, na wiki iliyopita mke wangu alipigwa shoti alipogusa bomba la bafuni wakati hita imewashwa. Umeme ninaonunua unakwisha upesi kuliko nilivyozoea nilikotoka.

Nilipomweleza mama mwenye nyumba, alijibu kuwa vifaa vilikuwa vizima aliponikabidhi na kwamba anayevitumia ndiye anayevitengeneza. Fundi wake amekwisha kuja zaidi ya mara moja kujaza gesi ya kiyoyozi, kwa fedha yangu, na mama hataki nimlete fundi mwingine. Nilipoomba kuliondoa friji ili niweke langu, alikataa kwa kuwa hana pa kuliweka. Mkataba wetu unasema tu kwamba "mpangaji atagharamia matengenezo madogo madogo". Je, gharama hizi ni za nani? Naweza kuzikata katika kodi ya miezi sita ijayo? Na ninayo haki ya kulitoa friji hilo?

Mpangaji, Sinza

JIBU

Ndugu Mpangaji,

Kabla ya habari za kodi na mkataba, zima hita. Izime kwenye swichi yake ya ukutani na kwenye swichi kuu, kisha asiiwashe mtu yeyote mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, aikague yenyewe pamoja na waya wa erthi wa nyumba nzima. Shoti inayofika hadi kwenye bomba huwa na maana mbili kwa pamoja: kwamba kipashio kilichomo ndani ya hita kimepasuka na umeme umepenya kwenye maji au kwenye bati lake, na kwamba erthi ambayo ingeupeleka umeme huo ardhini haipo au imekatika. Hili la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu hita hubadilishwa kwa siku moja, ilhali nyumba isiyo na erthi inaweza kumpiga mtu kesho kupitia friji au pasi. Mwandikie mama mwenye nyumba leo hii, kwa ujumbe wa simu unaobaki na tarehe, umweleze lililompata mkeo na kwamba hita imezimwa kwa usalama. Hakuna atakayeweza kuliita jambo hili tengenezo dogo.

Sasa tuje kwenye swali lako la msingi. Tanzania Bara haina tena sheria mahususi ya kudhibiti upangaji, kwa kuwa ile iliyokuwapo ilifutwa mwaka 2005, na hivyo uhusiano wako na mwenye nyumba unasimama juu ya mkataba mliotia saini, juu ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, na juu ya Sheria ya Mikataba. Sheria ya Ardhi inayahesabu baadhi ya masharti kuwa yamo ndani ya mkataba wa pango hata pale ambapo hayakuandikwa, na mojawapo ni kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu tangu siku ya kwanza na itaendelea kutunzwa ifae. Mfumo wa umeme, mabomba, pamoja na hita na pampu zilizofungwa humo, kwa maoni yangu, ni viungo vya nyumba yenyewe, na ubovu wake unaogusa usalama au maji ya kuoga ni mzigo wa mwenye nyumba, isipokuwa aonyeshe kwamba wewe ndiye uliyeuharibu.

Friji ni jambo jingine, kwa maana si sehemu ya jengo. Ni mali inayohamishika uliyokabidhiwa uitumie kisha uirudishe. Sheria ya Mikataba ina sehemu nzima inayohusu mali ya namna hiyo, na wapangaji wengi hawajui kama ipo. Aliyekabidhiwa anatakiwa kuitunza mali kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza mali yake, na akifanya hivyo halaumiwi inapoharibika. Aliyeikabidhi naye anatakiwa kusema kasoro anazozijua, na ikiwa mali imetolewa kwa malipo anabeba madhara ya kasoro hizo hata kama hakuzijua. Ndiyo maana maneno ya dalali yana uzito kuliko unavyodhani. Ikiwa kodi ilipandishwa kwa sababu ya vifaa, basi friji hilo hukupewa kwa hisani. Unalilipia kila mwezi. Kama tangazo la nyumba au ujumbe wa dalali ungali kwenye simu yako, uhifadhi.

Kuhusu kifungu cha "matengenezo madogo madogo", nasema bila kusita kwamba ni kifungu kibovu, na kinanakiliwa kutoka mkataba hadi mkataba katika maduka ya steshenari bila mtu kukifikiri. Kwa matumizi ya kawaida kinahusu taa iliyoungua, koki inayovuja, kitasa kilicholegea, na usafi wa vichujio vya kiyoyozi. Hakimhusu mpangaji aliyehamia jana na kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi ya kupoozea, iliyochoka kabla hajaiona nyumba. Hata hivyo, kwa kuwa mkataba haukutaja mipaka, kila mmoja wenu atakivuta upande wake, na hoja yako itasimama vizuri zaidi ukiwa na ushahidi wa hali ya vifaa kuliko ukiwa na tafsiri ya maneno.

Ushahidi wa friji ni rahisi kuupata. Funga mlango wake juu ya karatasi, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umekwisha, joto linaingia, na kompresa haipumziki. Halafu chagua usiku mmoja uzime kila kitu isipokuwa friji, usome mita ya LUKU wakati wa kulala na tena alfajiri. Kompresa ya wati 150 isiyopumzika hula uniti 3.6 kwa siku, yaani uniti 108 kwa mwezi, wakati friji zima la ukubwa huohuo hufanya kazi kwa theluthi au nusu ya muda. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ambayo ikiongezwa kodi na tozo hufika takribani shilingi 356, friji hilo pekee linakugharimu zaidi ya shilingi 38,000 kila mwezi, na limekwisha kukutoa katika kundi la wateja wadogo wasiozidi uniti 75. Ukifanya hesabu hiyo, usisahau kutenganisha kodi ya jengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU. Hiyo nayo ni ya mwenye nyumba kwa asili yake, na unaweza kumdai airejeshe au aihesabu katika pango.

Kiyoyozi kina mambo mawili, na lazima niwe mwadilifu kwa mama mwenye nyumba. Maji yanayodondokea ndani mara nyingi hutokana na bomba la kutolea maji lililoziba au vichujio vilivyojaa vumbi, na usafi huo ni wajibu wako. Lakini gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama gesi ya jikoni. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inapovuja. Fundi anayejaza gesi na kuondoka bila kutafuta tundu anajitengenezea safari ya kurudi, na fedha uliyomlipa imepotelea hewani kwa maana halisi ya neno hilo. Mwambie mama kwamba uko tayari fundi wake aendelee, kwa sharti kwamba aandike kwenye karatasi alichokuta, alichofanya na kiasi alicholipwa. Mafundi wa namna hii huwa hawapendi karatasi, na hilo peke yake linaweza kumshawishi mama akubali fundi mwingine.

Usikate kodi kwa uamuzi wako mwenyewe. Ninajua inavyouma kulipa mara mbili, lakini siku utakapopeleka kodi pungufu bila maafikiano, mazungumzo yatahama kutoka kwenye friji bovu hadi kwenye deni lako, na wewe ndiye utakayejitetea. Unachoweza kufanya ni kupendekeza mapema, kwa maandishi, kwamba gharama fulani yenye risiti ihesabiwe katika kodi ijayo, kisha upate jibu lake, hata kama ni neno moja la kukubali kwenye simu. Bado una nguvu ambayo huenda hujaiona: malipo ya miezi sita ijayo hayajafanyika. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam husikiliza vizuri zaidi katika mwezi wa mwisho wa mkataba kuliko katika miezi yote iliyotangulia, na huo ndio wakati wa kuomba orodha ya vifaa, hali ya kila kimoja na jina la atakayekitengeneza viandikwe ndani ya mkataba mpya.

Na kulitoa friji? Huna ruhusa ya kulitupa barazani, kwa sababu likinyeshewa au kuibwa utakuwa umekiuka wajibu wa kulitunza, na utalilipia friji bovu kwa bei ya friji zima. Lakini hakuna sheria inayokulazimisha kulichomeka. Lisafishe, liache wazi kidogo lisiote ukungu, lipige picha, lisogeze kwenye kona ya chumba usichokitumia, na umwarifu mama kwa adabu kwamba umelizima kwa kuwa ni bovu na kwamba yupo huru kulichukua wakati wowote. Ningekushauri umweleze pia kwamba hudai friji jingine bali unadai kodi iliyowiana na nyumba isiyo na friji. Wapo wenye nyumba wanaokataa kununua kifaa kipya lakini hukubali kupunguza kidogo, na punguzo hilo likijumlishwa na umeme utakaouokoa, utanunua friji dogo la kwako ambalo utahama nalo.

Mkishindwa kuelewana, anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye huenda anamfahamu mama huyo na kumwita kikaoni ni jambo rahisi kwake. Baraza la Kata nalo hupatanisha, ingawa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kutoa hukumu katika migogoro ya ardhi. Upatanisho ukishindikana ndani ya siku 30, njia inayobaki ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sidhani kwamba friji linastahili safari hiyo ndefu. Suala la erthi, kama atakataa kulishughulikia, linastahili.

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nimehama nyumba niliyokuwa nimepanga Nyali, Mombasa, na mwenye nyumba amezuia amana yangu yote, sawa na kodi ya mwezi mmoja, akidai kwamba mashine yake ya kufulia imeharibikia mikononi mwangu na kwamba itabidi anunue mpya. Mashine hiyo niliikuta ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi, lakini hatukuandika popote hali yake. Nifanyeje?

Mpangaji wa zamani, Mombasa

JIBU

Ndugu yangu,

Hata kama mashine ingeharibikia kwako kweli, hasara yake si bei ya mashine mpya bali ni thamani ya mashine kuukuu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 humwondolea mpangaji wajibu wa kurekebisha uchakavu utokanao na matumizi ya kawaida anaporudisha nyumba, na sioni sababu ya kifaa kilichomo ndani kupimwa kwa mizani kali kuliko nyumba yenyewe. Muulize pia fundi kilichoharibika ni nini. Maeneo mengi ya Mombasa hutumia maji ya visima yenye chumvi, na chumvi hiyo hula vipashio na vali za mashine hata ukizitunza namna gani. Ikiwa kasoro iko huko, chanzo chake ni maji ya nyumba yenyewe, na hilo halikuwa mikononi mwako.

Tafuta picha zozote ulizopiga ndani ya nyumba hiyo ulipohamia, hata zile za watoto ambazo mashine inaonekana kwa nyuma, na ujumbe wowote uliomwandikia kuhusu mashine. Kisha mwandikie barua ya madai, umpe siku 14 arudishe amana au akupe ripoti ya fundi na risiti. Baraza linaloshughulikia kodi za nyumba chini ya Sura ya 296 ya sheria za Kenya halitakusaidia, kwa sababu linahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho Nyali hakipatikani tena. Njia iliyo karibu nawe ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na haikulazimishi kuwa na wakili. Barua ya madai peke yake huwafanya wengi wakafungua mkoba. Akikuletea risiti ya tengenezo halisi la kitu ulichokivunja wewe, kubali kiasi hicho kikatwe na udai kilichobaki. Asipoleta risiti, dai amana nzima.